Jicho jekundu linalomwamsha mgonjwa usiku: uzi kuhusu maambukizi makali ya ukuta wa nje wa jicho

Mleta mada (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninafanya kazi katika huduma za macho hapa Moshi. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu kila msimu wa kupukuchua mahindi na kupiga maharage unapofika, huanza kuja wagonjwa ambao jicho lao lingetibika kirahisi wiki mbili zilizopita, lakini wanapotufikia wameshamaliza chupa kadhaa za matone yaliyonunuliwa kwa kukisia. Nitakayoyaeleza yanahusu ukuta wa nje wa jicho, yaani konea, kile kioo angavu kilicho mbele kabisa, pamoja na sklera, ule weupe mgumu unaolizunguka jicho hadi nyuma. Sizungumzii macho mekundu ya kuambukizana, kama yale ya virusi yaliyosambaa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 2024. Hayo husumbua, hutoa machozi na tongotongo, hukwaruza kama mtu aliyeingiwa na mchanga, kisha kwa walio wengi huisha yenyewe.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: jicho jekundu lenye maumivu makali, au lililopungua kuona, lisitiwe tone lolote lenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayopunguza pia kinga, mpaka mtu mwenye vifaa alitazame na kuondoa shaka ya maambukizi.

Sababu iko katika umbile lenyewe. Konea katikati ina unene wa takriban nusu milimita, na haina mshipa wa damu hata mmoja; ingekuwa nayo isingepitisha mwanga. Sklera ina unene unaokaribia milimita 1 nyuma ya jicho, lakini pale nyuma kidogo ya mahali misuli inayogeuza jicho inapojishikiza hubaki takriban milimita 0.3 tu, na mishipa yake ya damu ni michache mno. Zote mbili zimefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizobanana. Kwa hiyo bakteria au fangasi akishapenya katikati ya nyuzi hizo anakuwa amejificha mahali ambapo kinga ya mwili inafika kwa kuchelewa, dawa ya kumeza inafika kidogo, na tone linalotiwa mara tatu kwa siku linaishia juu juu. Ndiyo maana ugonjwa huu unahitaji dawa kwa wingi na kwa muda mrefu, na wakati mwingine kisu, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii wanapokuja na "jicho jekundu tu".

Namna ya kuutofautisha wekundu haihitaji mashine mwanzoni. Wekundu wa juu, ule wa utando laini, ni wa rangi ya damu mbichi na mishipa yake inasogea ukiusukuma utando kwa kijiti cha pamba baada ya kutia ganzi. Wekundu wa sklera una rangi iliyokoza kuelekea zambarau, nao huonekana vizuri zaidi kwa mwanga wa dirishani kuliko kwa tochi, hivyo mtoe mgonjwa nje ya chumba chenye giza umtazame. Mishipa hiyo ya ndani haisogei. Ukitia tone la fenilefrini, dawa inayobana mishipa ya damu, na kusubiri kama dakika 10 hadi 15, wekundu wa juu hupauka, ule wa sklera hubaki. Maumivu nayo yana tabia yake: ni ya ndani, yanatoboa, yanapanda kwenye paji la uso au kushuka kwenye taya, yanazidi usiku na kumwamsha mtu usingizini, na jicho likiguswa juu ya kope mgonjwa anaruka.

Kwa konea, tafuta doa jeupe au la kijivu juu ya kile kioo. Likiwapo, na hasa ikiwa kuna mstari mweupe wa usaha uliotuama chini, nyuma ya kioo, hapo hakuna mjadala wa kusubiri kesho.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Ndugu mleta mada, shikamoo kama unastahili, na kama ni rika langu basi salaam. Umeandika kana kwamba umemwona mama yangu. Mama alitolewa kinyama cha jicho, ile nyama inayoota kwenye weupe kuelekea kwenye kioo, miaka mingi iliyopita, jicho la kulia, upande wa puani. Akakaa vizuri muda wote huo. Mwezi uliopita jicho lile lile likaanza kuwa jekundu pale pale palipokatwa, kisha maumivu yakawa ya kulia usiku. Duka moja la dawa walimpa matone, akapata nafuu siku mbili, tukashukuru. Baada ya hapo yamerudi kwa ukali kuliko mwanzo, na sasa kuna kitu kama kipande cha chokaa kwenye weupe wa jicho, na pembeni yake kama vipele vya njano. Sanduku la dawa ninalo hapa, limeandikwa deksamethasoni na neomaisini. Je, ugonjwa wa operesheni ya zamani namna hiyo unaweza kurudi?

Mleta mada

Dada yangu, mpeleke leo. Usisubiri nimalize kuandika. Kama uko Arusha anzia Hospitali ya Mount Meru au ile ya Kilutheri, ALMC, waeleze neno kwa neno ulivyonieleza mimi, na ukiambiwa apelekwe KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, kubali hapo hapo. Beba na hilo sanduku, usilitupe, na matone hayo usimtie tena.

Sasa kwa faida ya wengine. Ulichokieleza ni picha inayofahamika sana katika vitabu vya macho. Kinyama kinapoondolewa, baadhi ya wapasuaji hupaka dawa iitwayo mitomaisini ili kisiote tena, na zamani sehemu nyingine za dunia walitumia mionzi ya beta. Njia zote hizo huzuia kinyama, lakini zikizidi huua mishipa midogo iliyokuwa ikilisha sklera mahali pale. Kipande kile kinabaki chembamba, kikavu, bila utando wa kutosha juu yake. Baadaye chumvi ya kalisi hujikusanya na kufanya lile gamba unaloliita chokaa, gamba likipasuka linafungua mlango, na bakteria wanaingia. Hili linaweza kutokea baada ya miezi michache, na limeripotiwa pia baada ya miaka mingi, hata makumi ya miaka. Anayeongoza kwa kulifanya ni bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye anapenda maji na unyevu na ana vimeng'enya vya kuyeyusha kolajeni. Kwa hiyo si operesheni iliyorudi. Ni ukuta uliodhoofishwa pale, sasa umevamiwa.

Vile vipele vya njano pembeni ni jambo la kuzingatiwa. Maambukizi ya sklera yana tabia ya kutambaa chini kwa chini kupitia katikati ya tabaka zake na kuibuka sehemu nyingine kama jipu dogo. Daktari akitibu lile tundu kubwa tu na kuacha vile vidogo, ugonjwa utaendelea.

Na ile nafuu ya siku mbili ndiyo inayotudanganya sote. Deksamethasoni ni steroidi, nayo hunyamazisha uvimbe, kwa hiyo maumivu na wekundu hupungua, huku mdudu mwenyewe akiwa ameondolewa walinzi. Neomaisini iliyomo kwenye chupa ile ni kiasi kidogo mno kupambana na Pseudomonas ndani ya sklera.

Mchangiaji (mfamasia, Arusha mjini)

Ndugu mleta mada, nakubaliana nawe katika mengi lakini naomba nitetee upande wangu. Mtu anapokuja dukani saa mbili usiku, jicho limevimba, hana nauli wala bima, anataka apewe kitu. Wahudumu wa maduka ya dawa muhimu hawana taa wala mafunzo ya kuona doa kwenye konea. Hata hivyo matone yenye steroidi ni dawa ya cheti, na mhudumu anayeyatoa bila cheti kwa sababu tu "yanafanya kazi haraka" anajua anachokifanya. Mimi nimewaelekeza vijana wangu jambo moja: kama mteja anasema haoni vizuri, au hawezi kuvumilia mwanga, au kuna kitu kiliingia jichoni, wasiuze matone ya aina yoyote yenye steroidi, mafuta ya tetrasaiklini au ya kloramfenikoli wanaweza kumpa, pamoja na maneno makali ya kumtaka aende hospitali asubuhi.

Swali langu ni kuhusu matone ya antibiotiki yaliyoongezwa nguvu, yale makali kuliko ya dukani. Vitabu vyote vinayataja lakini chupa yake haiuzwi popote. Wanayatengeneza vipi?

Mleta mada

Mkuu, maelekezo yako kwa vijana ni mazuri na natamani yabandikwe ukutani.

Matone hayo hutengenezwa kwenye famasia ya hospitali, katika mazingira safi, kwa kutumia dawa za sindano. Jentamaisini ya kawaida ya macho ina miligramu 3 kwa kila mililita. Ukichukua chupa yake ya mililita 5 na kuongeza mililita 2 za jentamaisini ya sindano yenye miligramu 40 kwa mililita, unapata takriban miligramu 14 kwa mililita, yaani zaidi ya mara nne ya ile ya dukani. Sefazolini hutayarishwa kwa kuyeyusha unga wa miligramu 500 katika mililita 10, ikawa miligramu 50 kwa mililita. Jentamaisini inalenga zaidi bakteria wa kundi la Pseudomonas na jamaa zake, sefazolini inalenga Staphylococcus na Streptococcus, ndiyo maana hutumika pamoja kabla maabara haijasema lolote. Hukaa kwenye friji na hudumu siku chache tu, kwa sababu nguvu yake hushuka. Nasisitiza kwamba haya si ya kujaribu nyumbani. Pale ambapo utengenezaji huo hauwezekani, siprofloksasini ya matone ya asilimia 0.3 ni mbadala unaokubalika kwa vidonda vingi vya konea vya bakteria.

Utaratibu wa kutia ndio mgumu kuliko dawa yenyewe. Mwanzoni tone kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa, halafu kila saa, mchana na usiku, kwa saa 48. Usiku maana yake ni usiku. Muuguzi au ndugu anaamka saa saba, saa nane, saa tisa. Kati ya dawa moja na nyingine ziachwe dakika 5, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza. Hii ndiyo sababu tunawalaza wagonjwa hata kama wanaweza kutembea, na ndugu wengine hutuona kama tunawalaza kwa ajili ya pesa.

Kwa sklera, matone peke yake hayatoshi. Inaongezwa dawa ya kumeza au ya mshipa. Siprofloksasini ya kumeza inaingia vizuri kwenye tishu za jicho, na antibiotiki ya seftazidimu ya mshipa hutumika pale Pseudomonas anaposhukiwa sana. Juu ya hayo kuna kusafisha kwa upasuaji: kuondoa gamba la kalisi, kukata tishu iliyokufa, kufungua vile vijipu vidogo na kuviosha kwa dawa. Mimi ni wa upande wa wanaosafisha mapema. Kusubiri wiki mbili kuona kama matone yatafanya kazi juu ya tishu iliyokufa ni kumwagilia jiwe.

Mchangiaji (maabara, Moshi)

Naomba nichangie kutoka upande wa maabara, kwa sababu mara nyingi tunalaumiwa kwamba "majibu hayaonyeshi kitu". Kipimo cha usaha uliofutwa kwa pamba pembeni mwa kope hakina thamani kwa ugonjwa huu. Kitaota wale bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Tunachohitaji ni mkwaruzo wa kidonda chenyewe, kingo zake na sakafu yake, uliochukuliwa kwa sindano au kisu kidogo cha upasuaji baada ya ganzi. Kwa sklera inabidi kipande cha tishu, kwa sababu juu kunaweza kuwa kumefunikwa na utando mzima ilhali ugonjwa uko chini.

Mkwaruzo wa kwanza upakwe kwenye kioo kwa ajili ya rangi ya Gramu, inayoonyesha bakteria na makundi yao. Wa pili uwekwe kwenye tone la potasiamu haidroksaidi, ambayo huyeyusha seli na kuacha nyuzi za fangasi zikionekana. Hivi viwili vinatoa jibu siku hiyo hiyo, na hospitali yoyote yenye hadubini inaweza kuvifanya. Iliyobaki ipandwe moja kwa moja kwenye sahani za kuoteshea zikiwa kando ya kitanda: agari ya damu, agari ya chokoleti, na ya Sabouraud kwa fangasi. Bakteria wengi huonekana ndani ya siku moja au mbili. Sahani ya fangasi tusiitupe haraka, tuipe hadi wiki mbili. Na kama daktari anashuku kifua kikuu au jamaa zake, atuandikie, kwa sababu rangi ya Ziehl-Neelsen hatuifanyi kwa kila sampuli.

Ombi langu kubwa: mtuletee sampuli kabla ya dawa kuanza. Mgonjwa aliyetiwa matone ya aina nne ndani ya wiki tatu tunapata sahani tupu, na sahani tupu haimaanishi kwamba hana ugonjwa.

Mleta mada

Ahsante sana, umesema kile ambacho ningekisema vibaya. Nyongeza moja: kama mkwaruzo hautoi kitu na mgonjwa anazidi kuwa mbaya, tunarudia, na safari hii tunachukua kipande cha ndani zaidi. Kuongeza antibiotiki ya tano bila kujua unapigana na nani ni kupoteza wiki.

Wenye jicho la uzoefu huweza kushuku fangasi kwa kutazama: kingo za kidonda zina nyuzi kama za unyoya, uso wake ni mkavu na umeinuka, kuna madoa madogo pembeni, na historia ina jani, miwa, pumba au udongo. Lakini kutazama hukosea hata kwa mabingwa, kwa hiyo ile hadubini ya dakika chache isirukwe.

Mchangiaji (Mabogini)

Mimi ni mkulima wa mpunga huku chini, wala si mtaalamu. Naomba niulize bila kuchekwa. Huku jani la mpunga au la miwa likimpiga mtu jichoni, kwanza ni maziwa ya mama anayenyonyesha, yasipofanya kazi kuna majani yanakamuliwa. Wazee wetu walipona hivyo. Sasa mnataka kila anayekwaruzwa na jani aache kazi apande gari mpaka KCMC? Na akifika, anaambiwa alale wiki mbili?

Mleta mada

Hakuna atakayekucheka, mzee wangu, na swali lako ndilo muhimu kuliko mengi humu.

Wazee walipona kwa sababu mikwaruzo mingi ya konea hupona yenyewe kwa siku moja hadi tatu, uweke maziwa usiweke. Wale ambao hawakupona ndio waliobaki na jicho jeupe, na kila kijiji kina wazee wa namna hiyo. Madaktari Yorston na Foster walichapisha mwaka 1994 utafiti walioufanya hapa hapa Tanzania kuhusu vidonda vya konea, na takriban robo ya vidonda hivyo vilihusishwa na dawa za asili zilizotiwa jichoni. Maji ya majani si safi, mengine yanaunguza kama tindikali, na yanaingia kwenye mkwaruzo ulio wazi. Maziwa ya mama ni chakula kizuri cha mtoto, lakini ndani ya konea iliyochubuka ni sukari na bakteria wa ngozi.

Kuhusu kupanda gari: hapana, si kila aliyekwaruzwa. Huko Bhaktapur, Nepal, walifundisha wahudumu wa afya wa vijijini kutambua mkwaruzo wa konea kwa rangi ya fluoresini na taa ya bluu, kisha kumpaka mgonjwa mafuta ya kloramfenikoli ya asilimia 1 mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: waliofika ndani ya saa 48 walipona karibu wote, asilimia 96, na kati ya waliopata dawa ndani ya saa 18 hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Ni dawa ya bei ndogo, inayoweza kukaa kwenye zahanati ya kijiji. Nepal nako ni mpunga na mahindi kama kwenu. Sioni sababu Mabogini, Kahe au Mto wa Mbu washindwe, isipokuwa kwamba zahanati nyingi hazina hata karatasi ya fluoresini.

Kwa hiyo: jani likikupiga, osha kwa maji safi, nenda zahanati siku hiyo hiyo ukapewe mafuta, kamilisha siku tatu. Ukiona siku ya pili maumivu yanazidi badala ya kupungua, au kuna doa jeupe, hapo ndipo unapanda gari.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Habari za mama: tulifika, wamemlaza, wamechukua kipande na kusema kinaonekana kuwa Pseudomonas. Wamemsafisha kwenye chumba cha upasuaji na ameanza kulala usiku. Daktari amesema huenda baadaye akahitaji kiraka. Kiraka cha nini?

Mleta mada

Nimefurahi, dada, mpe pole nyingi. Kiraka ni kipande cha sklera kutoka kwa mtu aliyefariki na kutoa jicho lake, au kipande cha utando mwingine wa mwili, kinachoshonwa pale ukuta ulipobaki mwembamba kiasi kwamba tabaka jeusi la ndani linachungulia kwa rangi ya bluu. Mara nyingi husubiriwa mpaka maambukizi yadhibitiwe, kwa sababu kiraka kilichoshonwa juu ya bakteria nacho huyeyuka. Kikipachikwa hufunikwa kwa utando wa jicho wenye damu, au kwa utando wa kondo la nyuma uliotayarishwa, ili kipate uhai. Waulize pia kama walimpima kwa altrasaundi ya jicho. Kipimo hicho kinaonyesha kama ugonjwa umevuka kuingia ndani kwenye ute wa jicho, na ukivuka, dawa huchomwa ndani ya jicho lenyewe. Dawa zitaendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya maumivu kuisha, asizikatishe.

Mchangiaji (Usa River)

Mimi mnanichanganya. Nina baridi yabisi ya viungo kwa muda mrefu, na mwaka jana niliambiwa nina uvimbe wa sklera. Daktari bingwa ndiye aliyenipa steroidi, vidonge na matone, nikapona kabisa. Leo nasoma hapa kwamba steroidi ni sumu.

Mleta mada

Hapana, ndugu, naomba nieleweke vizuri. Uvimbe mwingi wa sklera hauna mdudu. Kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia ukuta, na baridi yabisi ni miongoni mwa magonjwa yanayoongoza kuusababisha. Kwa hali hiyo steroidi ndiyo tiba, na bila hiyo jicho lingeharibika. Unaosababishwa na maambukizi ni sehemu ndogo, hutajwa kuwa asilimia 5 hadi 10 hivi. Ugumu ni kwamba aina hizi mbili zinafanana kwa sura na steroidi inayotibu ile ya kinga huzidisha ile ya maambukizi. Daktari wako alifanya kwa mpangilio: alijua una baridi yabisi, akakupima, akaondoa shaka, ndipo akakupa. (Nanyi wenye baridi yabisi mnaosoma, kuna aina ambayo sklera huyeyuka polepole bila maumivu yoyote, kwa hiyo doa la bluu kwenye weupe wa jicho lisipuuzwe kwa sababu tu haliumi.)

Yanayonifanya nifikirie maambukizi ni haya: jicho lililowahi kupasuliwa au kuumia, usaha au vijipu, ugonjwa wa upande mmoja tu, na zaidi ya yote, mgonjwa anayezidi kuwa mbaya akiwa kwenye steroidi. Huyo wa mwisho dawa isimamishwe na kipande kichukuliwe.

Kuna pia maambukizi yanayoufikia ukuta kutoka ndani ya mwili. Kifua kikuu, kaswende na mkanda wa jeshi vyote vinaweza kuleta uvimbe wa sklera, wakati mwingine bila dalili nyingine ya wazi. Kwa mgonjwa wa kwetu naona ni wajibu kuagiza picha ya kifua, kipimo cha kaswende, cha VVU na cha sukari. Mwenye malengelenge ya mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, hasa yakifika ncha ya pua, apate asiklovia ya kumeza miligramu 800 mara tano kwa siku mapema iwezekanavyo. Kaswende iliyofika jichoni hutibiwa kwa penisilini ya mshipa kwa siku 10 hadi 14, kama ile iliyofika kwenye ubongo. Kifua kikuu kinafuata dawa zile zile za kawaida za mpango wa taifa.

Mchangiaji (mfamasia, Arusha mjini)

Kwa hiyo kwa kidonda cha konea cha bakteria steroidi haiingii kabisa, hata baada ya antibiotiki?

Mleta mada

Hilo lilipimwa katika jaribio kubwa la wagonjwa 500, matokeo yakatoka mwaka 2012. Wote walianza kwa antibiotiki angalau saa 48, na maabara ilikuwa imethibitisha bakteria. Nusu wakaongezewa steroidi, nusu matone ya maji ya chumvi yasiyo na dawa. Baada ya miezi 3 uwezo wa kuona haukutofautiana kwa jumla. Wenye vidonda vibaya zaidi walionekana kunufaika kiasi, wenye bakteria wa Nocardia wakadhurika. Tafsiri yangu ni kwamba uamuzi huo ni wa bingwa mwenye majibu ya maabara mkononi. Kwa fangasi, usiiguse.

Na kwa kuwa umegusa fangasi: dawa ya kwanza ni natamaisini ya asilimia 5. Jaribio la India lililochapishwa mwaka 2013 lililinganisha natamaisini na vorikonazoli ya matone, na natamaisini ikashinda, hasa kwa fangasi aitwaye Fusarium. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Jaribio jingine la Nepal, la mwaka 2022, lilionyesha inaishinda pia klorheksidini ya asilimia 0.2. Ni dawa nzito inayotuama, kwa hiyo chupa itikiswe kabla ya kila tone, jambo ambalo wahudumu husahau kumwambia mgonjwa. Udhaifu wake ni kutopenya ndani. Fangasi waliofika kwenye sklera wanahitaji pia vorikonazoli ya kumeza na kisu, na hata hivyo ni hao wanaotushinda mara nyingi kuliko bakteria. Tusifiche kwamba kuna macho ambayo mwishowe hutolewa ili kuondoa maumivu na kuzuia usaha kusambaa.

Mchangiaji (Karatu)

Nina kaka yangu ana doa jeupe baada ya kurukiwa na pumba za mahindi. Tunaondoka alfajiri kuja huko. Tumfunge jicho kwa bandeji njiani kuzuia vumbi?

Mleta mada

Msimfunge. Bandeji juu ya jicho lenye usaha hulipasha joto na kuzuia machozi kulisafisha. Mkipata ngao ya plastiki ya jicho yenye matundu itumieni, imkinge bila kuligusa jicho. Msipoipata, miwani ya jua inatosha. Kama zahanati yenu ina siprofloksasini ya matone, waombeni wamkwaruze na kuweka kwenye kioo kwanza wakiweza, halafu mtieni kila saa njiani mpaka mfike. Asiguse jicho, asitiwe ganzi ya matone ya kubeba nyumbani hata kama atalia kwa maumivu, kwani ganzi ikirudiwa rudiwa huyeyusha konea, apewe parasetamoli. Njooni na chupa zote alizokwisha tumia.